Mtunzi atoe bure kwa hiari yake, si kwa kunyang'anywa

KATIKA makundi ya WhatsApp ya walimu na wapenzi wa Kiswahili kuna ombi ambalo haipiti wiki bila kulisikia: "Wakuu, mwenye PDF ya kitabu fulani atuwekee hapa." Dakika chache baadaye hujitokeza mkarimu mmoja, akakiweka kitabu kizima, kuanzia jalada la mbele hadi la nyuma, na shukrani zikamiminika. "Barikiwa sana mwalimu." "Wewe ni mtu wa watu." Aliyekiandika kitabu hicho hatajwi. Pengine naye yumo katika kundi lilo hilo, anasoma dua anazoombewa mtu mwingine kwa kugawa mali isiyokuwa yake.

Zipo hoja za kuitetea hali hii, na baadhi zinatolewa na watu ninaowaheshimu. Wanasema kwamba zama za dijitali zimebomoa kuta. Kwamba mtunzi anayeificha kazi yake atasahaulika. Kwamba kutoa bure ni kupanda mbegu. Na kwamba Kiswahili, lugha inayolilia wasomaji, hakiwezi kumudu anasa ya kutoza pesa kila ukurasa. Hoja hizi si za kupuuzwa. Hata hivyo zina dosari moja, nayo ni ya lugha kabla ya kuwa ya uchumi. Zinalitumia neno moja, 'bure', kwa mambo ambayo Kiswahili kimeyatenga tangu jadi.

Hebu tulitazame neno lenyewe. 'Bure' ni bila malipo, kama tusemapo, "Tuliingia uwanjani bure." Lakini 'bure' pia ni bila faida: "Amejichosha bure." Ukienda hatua moja mbele, "mtu bure" ni mtu asiyefaa kitu. Na tukitaka kusisitiza kwamba hakuna kilicholipwa, husema "bure bilashi", na hilo 'bilashi' limetujia kutoka Kiarabu likiwa na maana ya bila kitu. Neno linalobeba maana zote hizi ni la hatari kulibandika kwenye kazi ya mtu. Kazi iliyoitwa ya bure leo kwa maana ya kwanza, kesho huanza kuonekana ya bure kwa maana ya pili. Ndiyo maana mtu atakayelipia chai shilingi hamsini bila kunung'unika atashangaa kuambiwa alipie diwani ya mashairi. Si kwamba hana pesa. Amezoeshwa kuamini kuwa shairi halina bei, na kisichokuwa na bei hakina thamani.

Lugha hii hii, hata hivyo, ina maneno ya utoaji yasiyokuwa na doa hilo. Kuna zawadi. Kuna tunu, kitu cha thamani anachopewa mtu wa thamani. Kuna hiba, mali ambayo mtu humpa mwenzake kwa ridhaa yake bila kutaka badala. Na kuna wakfu, neno ambalo naona linatufaa zaidi katika mjadala huu. Mtu wa Mombasa au Lamu anayeweka wakfu nyumba au shamba haiachi mali hiyo iokotwe na apitaye. Hutaja ni nani watakaofaidi na kwa masharti gani, na tangu hapo mali ile haiuzwi wala hairithiwi. Tena kuna sharti linalotangulia yote: anayeweka wakfu awe ndiye mwenye mali. Hakuna awezaye kuweka wakfu nyumba ya jirani, hata kama nia yake ni njema kiasi gani.

Wanaotetea utoaji wa bure mtandaoni hupenda kumtaja Cory Doctorow, mwandishi wa Kanada. Mnamo Januari 2003, riwaya yake *Down and Out in the Magic Kingdom* ilipochapishwa, aliiweka pia kwenye intaneti ili kila atakaye aipakue bila kulipa. Nakubali kwamba mfano huo ni mzuri. Tatizo ni kwamba husimuliwa nusu. Doctorow alitumia leseni ya Creative Commons, asasi iliyoanzishwa Marekani mwaka wa 2001 na kutoa leseni zake za kwanza Desemba 2002. Leseni hiyo ilikuwa na masharti: jina la mwandishi litajwe, na kazi isitumiwe kufanyia biashara. Wakati huo huo shirika la Tor liliendelea kukiuza kitabu cha karatasi madukani. Kwa hivyo Doctorow hakuiacha kazi yake barabarani. Alichagua ni sehemu gani aitoe, aitoe vipi, na ni ipi abaki nayo. Leseni kama hiyo inakaribia sana wakfu kuliko inavyokaribia bure.

Mfano wa karibu zaidi nasi ni wa Jalada Africa, kundi la waandishi lililoanzishwa mwaka wa 2013. Machi 2016 kundi hilo lilichapisha kwenye tovuti yake hadithi fupi ya Ngũgĩ wa Thiong'o aliyoiandika kwa Gĩkũyũ, inayoeleza jinsi binadamu, aliyekuwa akitembea kwa miguu na mikono kama wanyama wengine, alivyoishia kusimama wima. Pamoja nayo kulikuwa na tafsiri katika lugha zaidi ya 30, Kiswahili kikiwemo. Miaka ilivyosonga tafsiri zikapita lugha 100. Msomaji hakutozwa chochote. Sidhani kama kuna mchapishaji wa kibiashara ambaye angekubali kuigharimia hadithi moja fupi katika lugha nyingi kiasi hicho, nyingine zikiwa na wasomaji wachache mno. Hapa utoaji ulifanya jambo ambalo soko lisingelifanya. Na wala haukuliua soko: mwaka wa 2019 hadithi hiyo hiyo ilitoka kama kitabu chenye picha kupitia Seagull Books.

Kwa nini basi nisiwaambie vijana watunzi wamwige Ngũgĩ? Kwa sababu yapo mambo mawili katika mfano huo ambayo hatuyasemi kwa sauti. La kwanza ni kwamba Ngũgĩ alitoa akiwa tayari na jina la zaidi ya nusu karne, na mshahara wa uprofesa katika Chuo Kikuu cha California, Irvine. Alikuwa na mahali pa kusimama alipokuwa akitoa. La pili ni kwamba alitoa hadithi moja. Riwaya zake zilibaki madukani, zikiuzwa. Kijana wa Kakamega au Kilifi anayepachika shairi jipya mtandaoni kila asubuhi, mwaka baada ya mwaka, hana mshahara huo wala hana kitabu dukani. Anatoa ghala zima, halafu anaambiwa asubiri mavuno.

Hapo ndipo methali huletwa mbio: kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Naam, kutoa ni moyo. Lakini moyo wa nani? Methali hiyo inamzungumzia mtoaji na hiari yake. Sijapata kusikia methali isemayo kwamba kutwaa ni moyo.

Sarufi nayo ina la kusema hapa. Mwandishi akichapisha, tunasema "ametoa kitabu". Mwimbaji naye "ametoa wimbo". Kutoa huko ni kuileta kazi hadharani, si kuigawa, ingawa wengi sasa wanaelewa kana kwamba ni mamoja. Kisha kuna ile kauli inayopendwa sana makundini: "Jamani, ile riwaya imepatikana!" Imepatikana. Hiyo ni kauli ya kutendeka, na sarufi yake haina nafasi ya mtenda. Tungesema "imechukuliwa", walau mtu angeweza kuuliza, "Na nani?" Kauli ya kutendeka huufunga mlango huo. Riwaya inakuwa kama embe lililodondoka lenyewe. Hakuna aliyepanda mwembe, hakuna aliyerusha jiwe.

Sasa tufuatilie pesa, maana uchumi huu unaoitwa wa bure una pesa nyingi ndani yake. Msomaji anayesoma shairi "bure" kwenye simu alinunua simu. Kisha akanunua bando. Kampuni ya mawasiliano imelipwa. Mwenye jukwaa la mtandao anauza matangazo kwa sababu macho ya watu yako pale, na macho yako pale kwa sababu kuna shairi, kichekesho, wimbo au hadithi. Huyo naye amelipwa. Katika mnyororo mzima, asiyelipwa ni mmoja tu, yule ambaye bila yeye wengine wasingekuwa na cha kuuza. Kuuita mpango huu ukarimu wa mtunzi ni kumkejeli. Huu ni ufadhili, na mfadhili ni maskini wa kwanza katika foleni.

Mimi mwenyewe niliwahi kuombwa na taasisi moja nitunge shairi la kughani katika sherehe yao. Nilipouliza kuhusu malipo, mpangaji alinijibu kwa upole kabisa, "Mwalimu, fungu la mashairi halipo, lakini utajulikana." Siku ya sherehe hema lilikuwa limekodiwa, vipaza sauti vimekodiwa, wapishi wako kazini. Sikusikia kwamba mwenye hema aliahidiwa kujulikana. Tofauti yake nami ni kwamba hema linaonekana likishushwa kwenye lori, ilhali shairi huonekana limeshuka kutoka mbinguni. Siku tatu za kusaka vina na kupima mizani hazionekani.

Wapo watakaosema kwamba fasihi yetu ilikuwa ya bure tangu mwanzo. Watamtaja Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka wa 1840, ambaye tungo zake zilihifadhiwa vifuani mwa watu na katika miswada hadi diwani yake ilipochapishwa mwaka wa 1940. Ni kweli. Ila tuzingatie kwamba tungo hizo zilisafiri zikiwa na jina lake, ndiyo maana ziliweza kukusanywa kama tungo za Muyaka. Watunzi wengi wa tenzi pia walizoea kujitaja katika beti za mwisho, na wengine wakaongeza tarehe. Walijua kwamba karatasi itanakiliwa na mikono wasiyoijua, kwa hivyo wakalifuma jina ndani ya utungo wenyewe. Siku hizi nimeona mashairi yakisambazwa huku ubeti wa tamati umekatwa, hasa ule wenye jina. Anayefanya hivyo hawezi kujitetea kwa jadi, maana jadi ilimlinda mtunzi.

Kuna hoja moja inayonigusa zaidi ya zote, nayo ni ya mwanafunzi asiyekuwa na uwezo. Darasa lina kitabu kimoja, wanafunzi kumi wamekizunguka, mwalimu anatafuta PDF ili somo liende. Sitamwita mwalimu huyo mwizi. Lakini nitauliza kwa nini gharama ya umaskini wa shule imhangaishe mwandishi peke yake. Hatumwambii mwenye lori la mahindi alete chakula bure kwa kuwa wanafunzi wana njaa. Tunaidai serikali, tunazidai kaunti, tunawaomba wafadhili wanunue. Kitabu nacho kinunuliwe, kiwekwe maktabani, kisomwe na mia. Hivyo mwanafunzi atasoma bila kulipa na mwandishi atalipwa. Wachapishaji nao wana deni hapa. Ikiwa nakala ya kielektroniki iliyo halali haipo kabisa, au bei yake ni sawa na ya karatasi, wanawaachia wagawaji wa PDF uwanja mtupu.

Sheria iko upande wa mtunzi kuliko wengi wanavyodhani. Chini ya Sheria ya Hakimiliki ya mwaka wa 2001, shairi likishaandikwa tu, haki ni ya aliyelitunga, na hudumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Kuihamisha haki hiyo kwa mtu mwingine kunahitaji maandishi yaliyotiwa saini. Kupachika shairi katika kundi si kuliuza wala kulisalimisha. Bahati mbaya sheria haiwezi kumlinda mtu ambaye mwenyewe hajaamua kazi yake ni bure, ni hiba au ni wakfu.

Kwa hivyo, mtunzi chipukizi akiniuliza kama aitoe kazi yake bila malipo, simkatazi. Humwambia atoe shairi moja, asitoe diwani. Atoe sura ya kwanza, si riwaya. Alitie jina lake ndani ya ubeti, mahali ambapo kulikata ni kuviharibu vina. Chini ya kazi aandike kwa Kiswahili chepesi anachoruhusu na asichoruhusu: "Soma, ghani, mpe mwenzako, usiondoe jina langu, usiuze." Na akiombwa kazi na wenye fungu la hema na wapishi, ataje bei yake kwanza. Akishaitaja, bado anaweza kuipunguza au kuisamehe yote akipenda. Hapo ndipo atakuwa ametoa.