Kuruka na Kumruka Mtu: Ndoto ya Milkman katika Song of Solomon ya Toni Morrison

Riwaya ya Toni Morrison iitwayo Song of Solomon ilitolewa Marekani mwaka 1977. Mwandishi wake, aliyepewa Tuzo ya Nobel ya fasihi mwaka 1993 na kufariki mwaka 2019, aliijaza riwaya hiyo habari za kuruka tangu mwanzo hadi mwisho. Inafunguliwa na wakala wa bima, Robert Smith, anayejirusha kutoka juu ya paa la hospitali mwezi wa Februari 1931 akiwa amevaa mabawa ya hariri ya buluu. Inafungwa na Milkman, shujaa wa hadithi, anayeruka kumwelekea Guitar, rafiki aliyegeuka adui. Miruko hiyo miwili ndiyo inayovuta macho kwanza. Lakini katikati imo ndoto fupi ambayo msomaji mwenye haraka huipita, nayo ndiyo inayofaa kuchunguzwa hapa.

Milkman yuko Shalimar, kijiji cha Virginia, alikokwenda kutafuta dhahabu na badala yake akaanza kugundua asili ya ukoo wake. Usiku, akiwa amelala na mwanamke aitwaye Sweet, anaota kwamba anaruka. Hanyooshi mikono kama mabawa wala hajitupi mbele kwa kishindo. Amejilaza angani kwa raha, kama mtu aliyejinyoosha kitini akisoma gazeti. Sehemu ya safari yake inapita juu ya bahari yenye giza, naye haogopi, kwa kuwa anajua hawezi kuanguka. Yuko peke yake, ila kuna mtu asiyeonekana anayempigia makofi. Kunapokucha, ndoto ile haijamtoka, na wala hataki imtoke.

Furaha hiyo ina mahali pake katika muundo wa riwaya. Milkman alipokuwa na umri wa miaka minne alitambua kwamba ni ndege wenye manyoya na ndege za chuma tu vinavyoweza kuruka, na tangu siku hiyo akapoteza hamu hata ya nafsi yake. Kwa hiyo ndoto inamrudishia kile alichokipoteza utotoni. Aidha, ndoto inatangulia maarifa. Ni baada ya kuiota ndipo anapofumbua maana ya wimbo wa watoto wa kijiji na kujua kwamba baba wa babu yake, mtumwa aitwaye Solomon, aliruka akarudi Afrika. Masimulizi ya namna hiyo Morrison hakuyabuni. Weusi wa pwani ya Georgia walisimulia habari za Waafrika walioruka kurudi kwao, na baadhi ya masimulizi hayo yalichapishwa mwaka 1940 katika kitabu Drums and Shadows. Kwa msomaji wa Kongo jambo hilo si la mbali, kwa maana katika Carolina ya Kusini, jirani ya Georgia, watumwa wengi walioshushwa walitoka pande za Kongo na Angola.

Je, ndoto hiyo itasemwaje kwa Kiswahili? Hapa lugha yenyewe inageuka kuwa mhakiki. Kiingereza hutenganisha tendo la kujirusha kwa miguu na tendo la kwenda angani. Kila moja lina neno lake, na mwisho wa riwaya unasimama juu ya mpaka wa maneno hayo mawili. Msomaji hubaki akijiuliza kama Milkman anaanguka au anakwenda juu. Kiswahili hakina mpaka huo. Chura huruka, na tai huruka. Mfasiri akiandika kwamba Milkman aliruka, ametunza shaka yote ya mwandishi katika neno moja. Kwa ile ndoto, hata hivyo, kitenzi hicho hakitoshi, kwa sababu hakuna mruko ndani yake: hakuna ardhi inayoachwa wala nguvu inayotumika. Hapo yafaa zaidi kusema kwamba anaelea au anapaa.

Lakini kitenzi ruka kina maana nyingine zinazogusa kiini cha riwaya. Mtu anayesoma akaacha mstari, ameruka mstari. Na katika matumizi ya Afrika Mashariki, kumruka mtu ni kumkana, kukataa kwamba unahusika naye. Husemwa hata kwamba fulani alimruka mwenzake futi mia. Solomon aliruka kwa maana zote hizo. Alipoondoka alimwacha mkewe Ryna, aliyerukwa na akili kwa huzuni, pamoja na watoto ishirini na mmoja. Jake, mdogo wa wote, alijaribu kumchukua, akamwangusha njiani. Wimbo wa watoto unamsifu aliyekwenda, lakini umebeba pia kilio cha walioachwa.

Anayelitamka jambo hilo waziwazi ni Sweet. Milkman anapomsimulia kwa shangwe kwamba mzee wake aliweza kuruka, yeye anauliza: alimwacha nani? Milkman anajibu kwa furaha kwamba aliwaacha wote, kana kwamba hiyo nayo ni sifa. Hajaelewa bado. Wakati yeye anashangilia Virginia, Hagar, mwanamke aliyempenda na ambaye yeye alimtupa, amekwisha kufa mjini kwao. Ndipo makofi ya yule asiyeonekana ndotoni yanapopata maana. Anayepaa husikia makofi tu. Waliobaki chini hawasikiki. Morrison hakanushi uzuri wa ndoto, ila anaeleza kwamba kuna waliolipa gharama yake. Ndiyo sababu shangazi Pilate anawekwa mwisho kama kipimo: Milkman anatambua kwamba mwanamke huyo aliweza kuruka bila kuiacha ardhi, yaani bila kumruka mtu.

Usomaji huu una uzito wa pekee nchini Kongo. Katika sehemu nyingi za nchi, kuruka usiku huhesabiwa kuwa kazi ya wachawi. Wako wanaomsikia mtoto akisimulia ndoto ya kuruka wakamwuliza mara moja: uliruka na nani, mkala nini huko? Mjini Kinshasa na kwingineko, tangu miaka ya 1990, watoto wengi wamefukuzwa majumbani kwa shutuma za uchawi, na masimulizi ya safari za usiku yamehesabiwa kuwa ungamo. Sheria ya tarehe 10 Januari 2009 kuhusu ulinzi wa mtoto inaadhibu kumsingizia mtoto uchawi. Hata hivyo sheria haiwezi peke yake kubadili namna watu wanavyosikiliza.

Swali la wanaoshutumu na swali la Sweet yanafanana kwa nje, kwa kuwa yote mawili yanamhoji aliyeruka. Tofauti yake ni kubwa. La kwanza linaifanya ndoto kuwa kosa, na kumhukumu mtu kwa jambo lililomjia akiwa usingizini. La pili linaiacha ndoto na furaha yake, likauliza juu ya matendo ya mchana: nani ameachwa, nani anakosa chakula, nani analia. Ni hilo la pili linalostahili kuulizwa na mhakiki, na mzazi pia. Mtoto aliyeamka akicheka kwa sababu aliota anapaa juu ya mto hana deni la mtu yeyote. Mtu mzima aliyeiruka nyumba yake mchana kweupe ndiye anayedaiwa jibu, hata kama hajaota chochote.