Funua Kwanza, Ndipo Usifu

Wiki hii nimesikia bustani moja hapa Mibirizi, Rwanda, ikimwagiwa sifa kwa sababu udongo wake ni mweusi ti. Mwenyewe amemwaga majivu na mboji mbichi unene wa kidole. Chini yake ni ule ule mwekundu uliokaza. Wageni wakapiga picha, wakaondoka wameridhika. Inaniudhi sana.

Rangi si kigezo. Udongo wa vilima hivi una tindikali: mvua imeufua hadi kalisi imekwisha, imebaki aluminiamu inayodumaza mizizi. Asiyetia chokaa asinieleze habari za mbolea ya dukani, maana mawe ya chokaa tunayo wilayani, kule Bugarama. Samadi ya mbuzi inaishinda ya ng'ombe, na mboji inayonuka haijaiva. Hapo sibishani na mtu.

Jambo ambalo mgeni hulikosa kila mara ni chengachenga, yaani jinsi udongo unavyoshikana. Bandua matandazo, chimba kina cha kiganja, chukua bonge dogo ulianike kivulini likauke kabisa. Kisha litumbukize polepole kwenye glasi ya maji, utulie. Udongo mbovu hupasuka papo hapo na maji yanakuwa kama uji. Ndivyo mvua ya masika itakavyoufanya mteremkoni. Udongo mzuri hutoa mapovu machache, ukabaki bonge, na maji juu yake yanaonekana safi. Kilichoushika ni ute wa mizizi, nyuzi za kuvu na kazi ya minyoo. Hicho hakipatikani kwa majivu ya jana.

Kuna mama mmoja, mkulima wa kahawa chini ya parokia, ambaye hajawahi kuiacha mibuni yake uchi. Ukifunua majani ya migomba aliyotandaza, unakuta mizizi myeupe, myembamba, imepanda juu kula humo humo. Wazee walioirithi kahawa iliyoingia Rwanda kupitia misheni ya hapa Mibirizi mwaka 1904 walitandaza hivyo shamba zima. Siku hizi wapo wanaotandaza mistari miwili tu ya barabarani, mkaguzi apite aone.

Na matuta ya ngazi? Yanapendeza kwa mbali. Lakini aliyechonga bila kuuweka kando udongo wa juu na kuurudisha, maharage yake yatamfichua msimu wa kwanza. Ukitaka kununua shamba la namna hiyo, chimba ukingo wa ndani wa ngazi, si wa nje. Muuzaji akikuzuia, nenda kwa jirani yake.