"Fursa" Badala ya "Ajira": Uhakiki wa Lugha ya Mijadala ya Wahitimu wa Uzamili na Uzamivu

Miongoni mwa wahitimu wa uzamili na uzamivu wa Kinindo, kusini mwa jiji la Bujumbura, mijadala ya Kiswahili kuhusu kazi hutawaliwa na neno moja: fursa. Nafasi ya uhadhiri, ufadhili wa masomo, ufundishaji wa kulipwa kwa saa, kazi ya kujitolea, hata kongamano ambalo mshiriki hujilipia nauli, vyote huitwa fursa. Makala haya yanadai kuwa neno hilo linaficha tofauti ambazo mhitimu, pamoja na mtunga sera, anapaswa kuziona.

Tuanze na umbo la maneno yenyewe. Kitenzi ajiri huzaa mwajiri na mwajiriwa. Kwa hiyo ajira huashiria pande mbili zenye wajibu, mkataba na ujira. Fursa haizai mtenda wala mtendwa. Huja, hupita, hupotea. Ndiyo maana wosia wa "changamkia fursa" humtwika mtafutaji mzigo wote: akikosa kazi, huonekana amezembea, na swali la nani alipaswa kumwajiri haliulizwi.

Athari yake hudhihirika pale wahitimu wanaposhauriana kuvuka mpaka. Burundi ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na Itifaki ya Soko la Pamoja ilianza kutumika Julai 2010. Ibara ya 10 inahusu uhuru wa wafanyakazi kwenda nchi nyingine mwanachama. Ibara ya 11 inahusu kutambuana kwa sifa za kitaaluma. Hata hivyo, ibara hiyohiyo ya 10 haihusu ajira katika utumishi wa umma, isipokuwa sheria za nchi mwenyeji zikiruhusu. Kwa mzamivu wa Kiswahili anayetazamia chuo kikuu cha umma, sharti hilo lina uzito kuliko wingi wa matangazo. Anayeambiwa tu kwamba "fursa ni tele" hajaelezwa jambo analohitaji kwanza.

Neno hili halikosi utetezi. Tafsiri, ukalimani na uhariri mara nyingi havina mwajiri wa kudumu, na fursa humkumbusha mzamivu kwamba uhadhiri si njia pekee. Lakini tusichanganye hadhi na nafasi. Mwaka 2022 Umoja wa Afrika ulikipitisha Kiswahili kuwa miongoni mwa lugha zake za kazi. Uamuzi kama huo humwajiri mkalimani pale tu unapofuatwa na bajeti na mkataba.

Tunapendekeza kila tangazo la Kiswahili kwa wahitimu litaje mambo manne: mwajiri, muda wa mkataba, malipo, na masharti ya uraia na utambuzi wa vyeti. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki na Baraza la Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki vinaweza kuandaa kiolezo cha pamoja. Washauri wa sera nao wahesabu ajira peke yake na fursa peke yake. Zikijumlishwa pamoja, ripoti itaonyesha kuwa mzamivu amenufaika, ilhali bado anasubiri mshahara wake wa kwanza.