Heko kwa Walinzi wa Lutsaga

Sigara za Cuba hutunzwa katika makasha yenye unyevu wa takriban asilimia 70, zisikauke. Kwetu Kinango hazina ni mahindi, na unyevu ndio adui. Kwa hiyo nawapongeza akina mama wa Kiduruma, walinzi wa lutsaga, dari ya fito iliyo juu ya meko.

Mahindi hupandishwa humo yakiwa na maganda yake, na ganda hilo ndilo kasha lake la kwanza. Joto la moto hukausha punje polepole, na moshi huwafukuza fukusi. Chakula cha kesho huhifadhika kila chungu cha leo kinapoinjikwa.

Kazi hii si ndogo. Mwaka 2004 mahindi yaliyoota kuvu yalisababisha vifo vya watu 125 mashariki mwa Kenya. Ili kuzuia kuvu, hushauriwa unyevu wa punje usizidi asilimia 13.5.

Akiba haiozi, lakini lazima awepo wa kuitunza. Vijana, kabla mama hajazeeka, pandeni naye darini mjifunze.