Ufundi wa Kusukuma Chapati

Kazi za mikono zinazofanyika hadharani kila siku ni nyingi, lakini kwangu hakuna inayostahili sifa kuliko kusukuma chapati. Alfajiri, kuanzia Dar es Salaam hadi Kisumu, kuanzia Arusha hadi Kampala, wanawake kwa wanaume huwasha moto na kuinamia vibao vyao. Jua likipanda, wateja wamekwisha kunywa chai na kushika njia. Tunakula, tunalipa, tunaondoka. Chapati tumeiona, ufundi wake umetupita. Na ufundi huo una maajabu yasiyodai nauli wala kiingilio.

Ajabu ya kwanza imo katika unga. Unga wa mahindi husongwa ukawa ugali, lakini hauvutiki. Unga wa mtama nao vivyo hivyo. Wa ngano, ukipata maji na mkono, hukubali kuvutwa, kutandazwa na kukunjwa pasipo kukatika. Mwaka 1745 kulichapishwa maelezo ya Jacopo Beccari, mtaalamu wa Bologna nchini Italia, kuhusu siri hiyo. Donge la unga wa ngano likioshwa taratibu ndani ya maji, wanga hutoka, na mkononi hubaki kitu cha kunata na kuvutika. Hicho ndicho gluteni. Jaribio hilo halihitaji maabara. Bakuli la maji na donge dogo la unga vinatosha, na yeyote aliye jikoni leo anaweza kukishika kwa vidole vyake kile alichokishika Beccari.

Mpishi hodari huenda hajawahi kusikia habari za gluteni, ila vidole vyake vinaijua. Kwenye kibanda kimoja ninachopenda kukaa asubuhi, nilimuuliza mama anayepika pale anatia vikombe vingapi vya maji. Alinijibu bila kuinua uso: “Mwanangu, unga wa leo si wa jana. Usiuhesabie vikombe, uguse.” Na kweli, alitia maji kidogo, akakanda, akaongeza, akakanda tena, mpaka unga ukaacha kushika bakuli na kushika mikono. Kisha akaufunika kwa kitambaa kibichi, akauacha. Unga uliokandwa ukisukumwa papo hapo hujirudi, ukitanuliwa, unajivuta. Ukilazwa kama nusu saa hulegea wenyewe na kutii. Asiye na subira ya kuungoja atakula chapati ngumu, na hata moto uwe mzuri namna gani hautamwokoa.

Ajabu ya pili hufanyika juu ya kibao, tena haraka mno, kiasi kwamba ukipepesa macho huioni. Unga hukatwa madonge. Donge moja husukumwa likawa duara, likapakwa mafuta pande zote hadi ukingoni. Hapo mpishi hulikunja kuanzia upande mmoja, likawa kamba ndefu. Kamba huizungusha ikajiviringa, na mkia wake akauchomeka chini. Madonge hayo yaliyojiviringa hupangwa kwenye sinia, kila moja likiwa limeficha tabaka zake, yakapumzika tena kidogo. Yakisukumwa mara ya pili yanaonekana duara tupu, yamelala bapa, hakuna dalili ya kilichomo ndani. Kifimbo huzungushwa kwa viganja, na chapati huzunguka yenyewe chini yake. Tazama hapo. Mpishi haigeuzi kwa mkono; uzito wa kiganja kimoja kuzidi kidogo kingine ndio unaoigeuza. Anayejifunza hutoa ramani yenye pembe na mikia. Anayejua hutoa duara, tena huku akimrudishia mteja chenji yake kwa maneno: “Subiri kaka, inakuja.”

Kisha moto. Chapati ikitua kwenye chuma kilichopata joto, kwanza hubadilika rangi, halafu vijipovu huanza kuinuka huku na huku. Maji yaliyofungwa ndani ya unga yanageuka mvuke, na mvuke huhitaji nafasi zaidi ya mara 1,600 ya ile iliyohitajiwa na maji. Gluteni inauzuia usitoroke, mafuta yanazuia tabaka zisigandamane, basi tabaka hazina budi ila kuachana. Chapati inatuna mbele ya macho yako. Ikigeuzwa, ina madoa ya hudhurungi, na harufu imekwisha kufika kwa jirani. Rangi hiyo na harufu hiyo hutokana na protini na sukari za unga kukutana kwenye joto kali, jambo alilolieleza Louis-Camille Maillard, mkemia wa Ufaransa, mwaka 1912. Mpishi hulisoma kwa jicho na pua. Kabla haijakauka, anaitoa, anaipigapiga kwa viganja, na zile tabaka alizozificha zinachambuka.

Chakula hiki chenyewe kimesafiri. Asili yake ni India. Wafanyabiashara wa Kihindi walikuwepo pwani yetu zamani, na reli ilipojengwa kutoka Mombasa hadi Kisumu, kati ya 1896 na 1901, vibarua zaidi ya 30,000 waliletwa kutoka huko, wengi wao wakiwa watu wa Punjab, nchi ya walaji wa ngano. Leo kuna nyumba nyingi za Kenya ambazo Krismasi bila chapati si Krismasi. Pwani kuna wanaoukanda unga kwa tui la nazi. Waganda wameiviringisha pamoja na mayai na kuiita rolex. Kila mahali mikono ya wenyeji imeongeza chake.

Husemwa kwamba mazoea huondoa mshangao. Kwa mtazamaji mvivu ni kweli. Kwa fundi mazoea hufanya kinyume chake. Aliyesukuma chapati miaka mingi ndiye anayehisi kwamba unyevu wa Tanga umebadilisha unga wake, au kwamba baridi ya Njombe imeukaza. Anaona mengi kuliko sisi kwa sababu kazi yake haimruhusu kuacha kutazama. Na kuijua sababu hakupunguzi ajabu. Mimi tangu nijue habari za mvuke, kila chapati inayotuna hunifurahisha zaidi.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, mshangao haukuumbiwa watoto na washairi pekee. Hujifunzwa, na kazi ya mikono ni mwalimu wake mzuri. Kesho asubuhi weka simu mfukoni, simama karibu na chuma, utazame kazi ile tangu donge hadi sahani. Msifu mpikaji kwa ufundi wake, usiishie kusifu utamu. Na nyumbani kwako, mwachie mtoto donge moja asukume mwenyewe, wa kike au wa kiume, hata likitoka na pembe.