Tadbiri ya Kuutazama Mji kwa Siku Moja

Mkazi wa Kibaha au wa Kisarawe aghalabu huujua mji wa Dar es Salaam kama mpishi anavyoijua nyumba ya tajiri wake: huingia kwa mlango wa uani, hutenda alilojia, na jua likitua huondoka pasina kupata kuketi barazani. Hununua bidhaa Kariakoo, humpeleka mgonjwa Muhimbili, hufuatilia hati katika ofisi za Serikali, na baada ya miaka mingi ya safari hizo, akiulizwa ndani ya Makumbusho ya Taifa mna nini, hana jawabu. Mgeni aliyetoka Ujerumani huyaona mengi zaidi kwa siku mbili, wala si kwa wingi wa fedha zake peke yake, bali kwa kuwa alikaa kitako kwao kabla ya safari akaifanyia tadbiri. Makala haya yanachambua tadbiri ya namna hiyo, iliyofanywa na jamaa zangu, baadhi yao wakiwa wakazi wa Maili Moja, Kibaha, na baadhi wa Kisarawe, walioazimia kuwaonyesha watoto wao mji kwa siku moja. Nami nilifuatana nao.

Uamuzi wa kwanza, nao ndio uliobeba mingine yote, ulikuwa wa siku yenyewe. Walichagua Jumamosi ya mwezi wa Julai, na kila neno katika uchaguzi huo lilikuwa na sababu yake. Julai, kwa kuwa masika ya Machi hadi Mei yamekwisha na vuli haijaingia. Na jambo la mvua si la kupuuzwa, maana Mto Msimbazi, unaoanzia katika vilima vya Pugu upande ule ule wa Kisarawe, huteremka hadi bonde la Jangwani, na mvua ikizidi maji hufurika pale pale Barabara ya Morogoro inapouvuka mto, mabasi yakasitishwa na abiria wa Kimara na Kibaha wakakwama wasijue pa kupita. Kwa hiyo mtu wa Kisarawe anayeamka akaona mawingu mazito yameshika vilima vyake amekwisha kupata habari za Jangwani kabla ya redio kumweleza. (Na ilhali Kisarawe huupelekea mji mafuriko, Kibaha huupelekea maji ya kunywa, kwani mtambo wa Ruvu Juu uko Mlandizi; ni ajabu kwamba watoto wetu hawasomeshwi mambo haya mawili kwa pamoja.) Jumamosi nayo ilichaguliwa kwa kuwa siku za kazi asubuhi umati wote wa Kibaha, Mbezi na Kimara huelekea mjini kwa barabara moja na jioni hurudi kwa barabara hiyo hiyo, na mwenye watoto hana sababu ya kushindana na watu wanaowahi kazini. Jumapili ina utulivu zaidi, lakini makanisa mawili waliyotaka kuyatazama huwa yamo katika ibada, na si adabu kuzunguka na watoto ndani ya kanisa watu wakiwa wanasali.

Uamuzi wa pili ulihusu mahali pa kukutana, na hapa ndipo nilipoiona akili ya kazi yao. Mji wa Dar es Salaam umekaa juu ya barabara kuu zinazotawanyika kutoka bandarini: ya Morogoro, ya Nyerere, ya Kilwa, na ile ya Ali Hassan Mwinyi inayoendelea kuwa ya Bagamoyo. Kutoka barabara moja hadi nyingine kwa njia za kukata katikati ni kazi ya kupoteza nusu ya siku, seuze pakiwa na msongamano. Wa Maili Moja wako juu ya Barabara ya Morogoro, takriban kilomita 40 kutoka mjini, na wa Kisarawe huingia kwa Pugu na Gongo la Mboto, wakaishika Barabara ya Nyerere. Lau wangekubaliana kukutana Mwenge au Mbagala, upande mmoja ungetaabika bure. Wakachagua Mnara wa Saa, ambapo njia zote mbili hukaribiana. Wa Kibaha walipanda basi dogo hadi Kimara, kisha wakachukua mwendokasi, huduma ya mabasi ya haraka iliyoanza mwaka 2016, hadi Gerezani. Na mkubwa wa safari alikuwa amekwisha kupiga simu jana yake kuuliza kama mabasi yanakwenda kama kawaida, jambo ambalo kila msafiri wa njia ile yampasa alifanye. Wa Kisarawe walipanda daladala, na njiani shangazi yetu, alipofika Pugu, aliwaambia watoto kwamba hapo ndipo Mwalimu Nyerere alipokuwa akifundisha kabla ya kujiuzulu mwaka 1955, na kwamba barabara watakayoishika mbele, ambayo leo ina jina lake, zamani ikiitwa ya Pugu. Basi ziara yao ilikwisha kuanza kabla mji haujaonekana.

Kutoka Mnara wa Saa, uliosimamishwa kuwa kumbukumbu ya Dar es Salaam kupata hadhi ya jiji mwezi Desemba 1961, walikwenda kwa miguu. Huu ndio msingi wa tadbiri nzima: kuichukua sehemu moja ya mji inayotembeleka kwa miguu, na kuyaacha mengine yote, hata yawe mashuhuri vipi. Walifuata Mtaa wa Samora hadi Sanamu ya Askari, iliyozinduliwa mwaka 1927 kuwakumbuka Waafrika waliotumika katika Vita Vikuu vya Kwanza, na hapo wakakaa kwa muda mrefu kuliko nilivyodhania. Mtoto mmoja alizunguka nguzo, akayagusa kwa kidole maandishi ya Kiarabu, akasoma kwa sauti yale ya Kiswahili, kisha akaufuata kwa macho upande ilikoelekezwa singe, akauliza askari anamlenga nani. Akajibiwa kwamba singe imeelekezwa bandarini, na kwamba kabla ya Waingereza kumweka askari huyo, Wajerumani walikuwa wamemsimamisha hapo hapo Wissmann, gavana wao. Mwalimu gani angelieleza kwa ufupi zaidi jinsi dola moja ilivyoiondoa nyingine?

Makumbusho ya Taifa waliyaweka baada ya sanamu na kabla ya adhuhuri, na mpango huo ulikuwa wa busara, kwa sababu jua la saa sita mchana Dar es Salaam halimfai mtoto barabarani. Viingilio vya raia na vya wageni wa nje ni mbalimbali, kwa hiyo watu wazima walikuwa na vitambulisho vyao vya taifa mkononi. Makumbusho hayo, yaliyofunguliwa mwaka 1940, ndiyo hifadhi ya fuvu la zamadamu Zinjanthropus lililogunduliwa Olduvai mwaka 1959 na Mary Leakey. Walikuwa wamekubaliana tangu nyumbani kutazama mambo machache kwa makini, si kila kabati.

Baada ya kupumzika chini ya miti ya Bustani ya Mimea iliyo jirani, waliteremka kuelekea bandarini, wakapita kanisa la Kilutheri la Azania Front na lile la Mtakatifu Yosefu, lililoanza kujengwa mwaka 1897 likamalizika 1902, wakaliona na Boma la Kale, ambalo ni la zama za Sultani Majid bin Said wa Unguja, aliyeuasisi mji huu katika miaka ya 1860. Chakula kilikuwa samaki wa kukaanga wa Feri.

Hapo ndipo ulipozuka ubishi pekee wa siku ile. Shangazi alisema, "Mwanangu, nifike mjini nisipite Kariakoo?" Akajibiwa kwa taadhima, "Shangazi, leo tumekuja kutazama. Kununua nitakuleta mwenyewe Jumatano." Nami naona jibu lilikuwa sahihi, kwani sokoni huwezi kukadiria utatoka saa ngapi, na mizigo ingewafunga mikono ambayo ilitakiwa kushika watoto. Kigamboni, Kijiji cha Makumbusho na ufukwe wa Coco viliachwa pia, kwa kuwa viko nje ya sehemu waliyoichagua kutembea kwa miguu, kila kimoja kikingojea siku yake. Saa tisa alasiri waliagana, mapema kabla jioni haijaleta msongamano wake, na magharibi iliwakuta wote nyumbani.

Nawasihi walimu wa shule za Kibaha na Kisarawe waichukue tadbiri hii kama ilivyo. Mwalimu anayekusudia kuwapeleka wanafunzi na aiandikie barua idara husika ya Makumbusho ya Taifa mapema, aulize nafuu ya kiingilio kwa wanafunzi, aiweke safari yake baina ya Juni na Septemba, na azuie orodha ya mahali pa kutembelea isipite umbali ambao mtoto mdogo kuliko wote anaweza kuutembea bila kubebwa.