Tochi, Ndoo na Msumari: Kuikagua Nyumba ya Udongo Kabla ya Kuhamia

Nenda jioni, jua likishazama, wala usiwashe taa. Bandika tochi ya simu ubavuni mwa ukuta ili mwanga utambae juu yake. Kila kibonge, kila kovu la mwiko, kila mahali fundi alipochoka akaiachia rangi kazi ya kuficha, patatoa kivuli. Mchana ukuta huohuo ungekuridhisha, ungelipa, kisha ungeyaona haya miezi miwili baadaye, umeme umekatika na wewe umelala chali unatazama kivuli cha kibatari.

Naanza na tochi kwa sababu huku kwetu, kwenye machimbo, nyumba nyingi hujengwa kwa mwendo wa dhahabu. Mwenye duara, yaani shimo la kuchimbia dhahabu, akipata mzigo Nyarugusu au Kakola, wiki hiyohiyo matofali yanashushwa, mwezi unaofuata watu wanabishana rangi ya vigae. Simlaumu, fedha ya duara isipogeuka ukuta mapema hugeuka kitu kingine. Ila udongo ulioshindiliwa hauendi kwa mwendo huo. Tofali la kufungamana, ambalo Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi umelieneza kwa miaka mingi, halichomwi. Udongo huchanganywa na saruji kidogo, hushindiliwa kwenye mashine, kisha hufunikwa na kumwagiliwa maji walau siku saba. Nguvu yake hasa huijia baada ya wiki nne hivi. Fundi aliyelipanga ukutani siku ya tatu amekuuzia udongo mkavu kwa bei ya tofali.

Urafiki wake na mazingira uko katika kutochomwa huko. Tanuri la matofali hula kuni kwa magogo, na mkoa wa Shinyanga unaijua gharama ya kumaliza miti: ilibidi mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, uanze mwaka 1986 ili miti irudi na ngitili, yaani malisho yaliyotengwa, zifufuliwe kwenye ardhi iliyokuwa imebaki kipara. Kwa hiyo mtu akikutembeza kwenye nyumba anayoisifia kuwa rafiki wa mazingira, usianze kutazama paneli ya jua iliyo juu. Muulize kuni zilizotumika, na mirunda iliyoegemeza linta ilikwenda wapi ilipong'olewa. Mjenzi makini atakwambia ipo kwenye kazi nyingine. Mwingine atatazama pembeni.

Sasa toa msumari wa inchi nne. Kwaruza pembe ya tofali kwa nguvu ya kawaida, si ya hasira. Tofali lililokomaa huacha mstari mwembamba na vumbi kidogo. Bovu huchimbika kama andazi la jana. Chukua mawili yaliyobaki uwanjani, yagonganishe: zuri hulia kwa ukali, baya hutoa sauti ya mbao mbichi. Kisha rudi nyuma hatua kumi utazame rangi. Ukuta wenye kozi (safu ya matofali) nyekundu, juu yake kozi iliyofifia, na juu yake nyekundu tena, unakusimulia kwamba mchanganyo ulikuwa ukibadilika kila siku, na mara nyingi kilichobadilika ni saruji. Udongo wenyewe uwe mwekundu wenye kichanga. Ule mweusi wa mbuga usiutake hata bure: ukinyeshewa huvimba, ukikauka hupasuka hadi mkono unaingia.

Hapa ndipo ninapokosana na mafundi wengi, hata wale ninaowaheshimu. Ukuta wa namna hii ukiwa mzuri, uache wazi. Jaza viungo vizuri, upake kinga nyepesi inayoruhusu ukuta upumue, basi. Watu hutumia fedha nyingi kupata tofali lililonyooka, halafu wanalizika chini ya plasta nzito ya saruji na rangi ya mafuta, kwa kuwa jirani amefanya hivyo. Kuupaka ukuta wa udongo rangi ya mafuta ni kumvisha mcheza ngoma ya bugobogobo koti la nailoni: jasho halina pa kutokea. Unyevu hubaki ndani, plasta huachia, nawe utaisikia ukiigonga kwa kifundo cha kidole, inalia tupu kama debe. Gonga ukuta mzima, kila baada ya hatua moja, na mahali panapolia tupu weka alama ya chaki. Fundi akiona chaki zimekuwa nyingi ataanza kukueleza habari za hali ya hewa.

Kwa kuta za ndani napendelea plasta ya udongo, au chokaa. Bibi zetu walisiriba kwa udongo na samadi, na walijua walichokuwa wanafanya, maana nyuzi za majani zilizomo kwenye samadi huishika plasta isipasuke inapokauka. Siriba nzuri huipimi kwa macho. Pitisha kiganja: kikirudi na unga, mchanganyo ulikuwa na mchanga mwingi. Tazama pia pale ukuta unapokutana na sakafu. Msiribaji hodari hupaviringa kidogo ili ufagio upite, ilhali yule mwenye haraka huacha ufa mwembamba, na mchwa hahitaji mlango mkubwa kuliko huo.

Na mchanga? Uliza ulikotoka, kisha uliza tena. Katika ukanda wa dhahabu marudio, yaani mabaki ya mawe yaliyokwisha kutolewa dhahabu, yako kila mahali: mchanga laini, tayari umesagwa kwenye karasha, mashine ya kusagia mawe, tena karibu na barabara. Mahali dhahabu iliponaswa kwa zebaki, sehemu ya zebaki hiyo imo humo bado. Mchanga wa aina hiyo hauingii kwenye plasta ya chumba cha mtoto, uwe wa bure au wa kupewa na shemeji.

Vigae nitavipita haraka: gonga, tafuta vinavyolia tupu, na vipande vilivyokatwa viwe pembezoni, visikupokee mlangoni.

Ndoo ndiyo mkaguzi mkuu. Nyumba ya udongo haiogopi miaka, inaogopa maji, na kazi nzima ya umaliziaji ni kuamua maji yapite wapi. Mwaga ndoo moja bafuni utazame: yote yaende kwenye tundu bila kusukumwa na ufagio. Mwaga nyingine kwenye kizingiti cha dirisha kwa nje. Yadondoke mbele, yasirudi chini ya kizingiti kuulamba ukuta. Ukingo wa paa utokeze walau sentimita 60, na sehemu ya chini ya ukuta iwe ya jiwe, kimo cha goti, kwa sababu tone la mvua likipiga chini huruka na tope lake. Mawe hatuna shida nayo, nchi ya Usukuma ina miamba mingi.

Panda ngazi. Misumari ya bati ikae kwenye mgongo wa wimbi, kamwe isikae bondeni. Geji iulize kabla ya kununua, na kumbuka namba ikipanda bati linakuwa jembamba. Mwaga ndoo ya tatu kwenye mfereji wa paa, upande ulio mbali na tangi. Maji yakisimama katikati, mbu wameshapata nyumba kabla yako. Maji ya Ziwa Victoria hufika Shinyanga na Kahama kwa bomba kutoka Ihelele, lakini bomba hukauka na bili haikauki. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mita 100 za mraba, kwa mvua ya milimita 700 kwa mwaka, hupokea lita 70,000, na hata robo ikipotea njiani, anayeyaacha yakimbilie barabarani amejenga nusu nyumba. Pawepo pia njia ya kumwaga maji ya mvua ya kwanza, yanayoosha vumbi la bati, hasa kwa anayeishi karibu na karasha.

Nyufa ni jambo la mwisho, na hazikaguliwi siku moja. Ule mwembamba kama unywele, usio na mwelekeo, ni wa kukauka tu. Unaoanzia kwenye kona ya dirisha na kushuka mshazari ni habari ya msingi, na kwenye udongo wa mbuga habari hiyo hubadilika na msimu. Chora mistari miwili ya penseli kuukata ufa, andika tarehe pembeni mwezi Septemba ardhi ikiwa imekauka, kisha bakiza sehemu ya malipo ya fundi. Rudi Machi, mvua zikiwa zimekolea, na rula mkononi.